Wazo la tangazo huokotwa wapi? Ukuta wa mashine ya kusaga umenishinda

1. Fundi_wa_Vibao (Lubumbashi)

Hamjambo, ndugu zangu. Mimi huchora vibao vya maduka na kupanga matangazo madogo ya karatasi hapa Katuba, na kazi hii nimeifanya kwa miaka 11. Majuma mawili yaliyopita, mwenye mashine ya kusaga mahindi alinikabidhi ukuta wa mita 6 unaotazama barabara, akaniambia nichore kitu ambacho mtu akipita na beseni kichwani atasimama. Tangu siku hiyo sijachora hata mstari mmoja unaonipendeza. Nimetazama kwenye simu mamia ya matangazo ya unga kutoka Nairobi, Johannesburg na Kinshasa, na kila nilipoizima nilijikuta nimebaki na picha ileile kichwani: mama anayecheka, sahani ya bukari, yaani ugali, inayofuka moshi, na mahindi mawili yaliyopishana kama panga. Kuta tano za mtaa wangu zina picha hiyo tayari. Mbili kati yake nilizichora mimi mwenyewe.

Nina dai moja ambalo nalileta hapa mlipinge. Mafundi wa ubunifu katika miji yetu hukaukiwa kwa sababu sote tunachota kisima kimoja, nacho ni skrini ya simu. Mawazo yapo hapa mlangoni, ila hatuyaoni kwa sababu tunayakanyaga kila siku. Kwa hiyo nauliza: ninyi mnaotengeneza matangazo, vifungashio, vipindi vya redio, hata mishono ya nguo, wazo lenu la mwisho lililofaulu mlilipata wapi? Naomba visa vyenu wenyewe. Methali ninazo za kutosha.

2. Mwana_Kamalondo (Lubumbashi)

Fundi, nakuunga mkono, na ningekushauri uanzie soko la Kenya, kwenye meza za vitenge. Kiwanda cha Vlisco kiko Helmond, Uholanzi, tangu mwaka 1846, na kwa miaka mingi mitindo yake ilifika Afrika ikiwa na namba tu. Majina yaliyoiuza yalitungwa na wanawake wauzaji, na mashuhuri kuliko wote walikuwa wale wa Lomé, nchini Togo, waliojulikana kama Nana Benz kwa sababu ya magari waliyoyanunua kwa faida ya vitambaa. Kile chenye ndege na kizimba kilicho wazi huitwa kwa Kifaransa « Tu sors, je sors », yaani ukitoka, nami natoka. Mwanamke akikivaa, mume wake anayerudi usiku wa manane hahitaji kuambiwa neno jingine. Hebu niambieni ni ofisi gani ya matangazo ingeweza kutunga jina hilo. Lilitungwa na mtu aliyejua ugomvi wa nyumba za wateja wake, tena huenda na wa nyumba yake mwenyewe.

Mimi huuza viatu vya mitumba. Siku moja nilimsikia mteja akimwambia mwenzake kwamba kiatu fulani « kimeshazoea barabara ». Nikaandika maneno hayo juu ya kipande cha katoni, nikakisimamisha mbele ya viatu ambavyo hapo awali watu walivikataa kwa kuwa soli zake zilikuwa zimelika kidogo. Viliisha siku mbili.

3. Mpwani (Mombasa)

Salamu kutoka pwani. Nimesoma kwa makini, lakini nimekwama mahali pamoja. Ikiwa Fundi yuko Lubumbashi, na Mwana_Kamalondo anamtuma soko la Kenya, je, atapewa nauli ya ndege au ajilipie mwenyewe?

4. Mwana_Kamalondo

Mpwani, Kenya ni mojawapo ya wilaya saba za mji wetu, pamoja na Katuba, Kamalondo, Ruashi, Kampemba, Annexe na ile inayoitwa Lubumbashi kama mji wenyewe. Kutoka kwa Fundi ni mwendo wa miguu. Karibu utembee, hutaulizwa pasipoti.

5. Bei_na_Kipimo (Likasi)

Mimi nauza sabuni ya kufulia kwa jumla, na dai la chapisho la kwanza nalipinga bila woga. Ninyi mnazungumza kana kwamba mteja amekaa akisubiri kufurahishwa na werevu wenu. Mteja wangu huuliza mambo matatu: bei gani, kipimo gani, na wapi. Mwaka juzi nilimlipa kijana aliyesomea michoro anitengenezee karatasi ya matangazo yenye shairi kuhusu weupe wa mawingu, na watu waliisifu sana, wengine wakaomba nakala wabandike nyumbani, lakini hesabu yangu ya mwezi haikusogea. Mwezi uliofuata niliandika kwa makaa ukutani bei ya nusu mche, kwa sababu nilikuwa nimeona kwamba wengi waliopita walikuwa na pesa ya nusu na waliona haya kuuliza kama tunakata. Hapo ndipo duka lilipojaa. Fundi, andika bei ya kusaga beseni moja, uandike kwa herufi kubwa, kisha ulipwe ukalale.

6. Rangi_Tatu (Lubumbashi)

Ndugu wa Likasi, hilo la nusu mche ni wazo la ubunifu kuliko shairi la yule kijana, maana uliona haya ya mteja ambayo mwenzako hakuiona. Umejipinga mwenyewe bila kujua.

Maelezo yangu ni tofauti na ya wote waliotangulia. Naamini wazo huzaliwa na upungufu. Mwaka mmoja kinyozi wa Ruashi alinipa kazi wakati ambapo nilikuwa nimebakiwa na makopo matatu tu, jeusi, jeupe na jekundu, na rangi ya kahawia ya kuchorea nyuso ilikuwa imekwisha. Nikauacha ukuta wenyewe, uliokuwa wa matofali ya kuchoma yatokanayo na udongo wa vichuguu, uwe ngozi ya vichwa vyote vinne, nikachora nywele, macho na midomo peke yake. Watu walidhani nimefanya kusudi. Tangu hapo nimeombwa mtindo huo mara tisa, na mara zote nilikuwa na rangi ya kahawia ya kutosha.

Wazee wetu wa uchoraji walipitia njia hiyo hiyo. Kuna Mbelgiji aliyefungua karakana hapa mjini miaka ya hamsini, akawazuia wanafunzi wake wasitazame picha za Ulaya hata kidogo, na kwa sababu hiyo mmoja wao, Bela, akachora kwa ncha za vidole badala ya brashi.

7. Mzee_wa_Chaki (Lubumbashi)

Rangi_Tatu, mwanangu, niruhusu nisahihishe. Aliyefungua karakana hiyo, iliyoitwa Le Hangar, alikuwa Mfaransa, jina lake Pierre Romain-Desfossés, na aliifungua mwaka 1946, wakati mji huu ungali ukiitwa Élisabethville. Alifariki mwaka 1954, kwa hiyo miaka ya hamsini ndiyo iliyoifunga. Bela alichora kwa vidole, hilo ni kweli, lakini sidhani kwamba alifanya hivyo kwa kukosa brashi, kwa kuwa wenzake wa karakana hiyohiyo walikuwa nazo: Pilipili Mulongoy alijaza ndege, samaki na nyoka wake kwa vitone, na Mwenze Kibwanga alijenga miili ya watu na wanyama kwa vistari vifupi vilivyolazwa sambamba. Watu watatu walipewa msitu uleule wa kutazama na uhuru uleule, nao wakatoa mikono mitatu ambayo huwezi kuichanganya hata ukiiona kwa mbali.

Nililofundisha kwa miaka 30 darasani ni kwamba mtoto ukimwambia « chora chochote » hukuchorea nyumba yenye moshi juu ya paa, ingawa hajawahi kuona nyumba ya namna hiyo hapa Katanga. Ukimwambia achore njia aliyopita asubuhi ile, atakuletea mfereji uliopasuka, mbuzi aliyefungwa kwenye nguzo ya umeme, na bibi anayepanga uyoga kando ya barabara. Jicho la mtoto ni zima. Tatizo liko katika amri anayopewa. Naye mwenye mashine amemwamuru Fundi achore kitu cha kumsimamisha mtu, ambayo ni sawa na kumwambia achore chochote.

8. Jiwe_la_Moto (Goma)

Shikamoo Mzee wa Chaki, na wengine habari zenu.

Huku kwetu kisa kilichonifundisha kinatokana na volkano. Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipopasuka, uji wa moto ulipita katikati ya Goma ukaingia ziwani, na watu waliporudi walijenga tena juu ya jiwe lilelile lililowafukuza. Mgeni akifika leo huona kuta nyeusi za mawe ya volkano, mistari ya saruji ikipita kati ya jiwe na jiwe kama utando wa buibui. Sisi wenyeji hatuzioni kuta hizo. Mimi niliegemea ukuta wa namna hiyo kila siku nikisubiri pikipiki, kwa miaka saba, huku nikihangaika kutafuta mchoro wa pakiti ya kahawa kwa wakulima wa karibu na ziwa, na michoro yote niliyowapelekea ilikuwa ya kikombe chenye mvuke. Siku moja mvua ilinyesha, jiwe likang'aa likawa na rangi ya kahawa iliyokaangwa, na mistari ya saruji ikabaki mikavu na myeupe. Nikatoa simu nikapiga picha. Pakiti ilitoka nyeusi yenye mistari hiyo bila kikombe wala mvuke, na mteja wa kwanza kutoka nje aliuliza kama ni ramani ya mashamba.

Kwa hiyo sikubali kwamba ni upungufu, Rangi_Tatu, kwa sababu nilikuwa na kila kitu isipokuwa mvua. Naelekea kusema kwamba kitu cha kila siku lazima kibadilike kidogo ndipo jicho likipokee. Hata chukudu, chombo chetu cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, ambacho kimewekewa sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara mjini kwetu, watu wengi hawakukitazama kama kitu cha fahari mpaka kilipopandishwa juu ya nguzo.

9. Mama_Unga (Lubumbashi)

Mimi si mtu wa matangazo. Mimi ndiye yule mnayemchora mkisema « mama anayecheka », na nataka mjue kwamba katika maisha yangu yote sijawahi kucheka kwenye mashine ya kusaga. Kelele zake hazikuruhusu kumsikia aliye karibu yako, unga unaingia puani, na muda wote unamkodolea macho kijana wa mashine, kwa kuwa unajua kwamba sehemu ya mahindi yako inabaki ndani ya mashine na itatoka na unga wa mwenzako, kama vile wa yule aliyekutangulia ulivyotoka na wako. Kila mmoja hufunga kipande cha kitenge kwenye mfuko wake au hutia alama kwenye beseni lake ili asibadilishiwe. Ukiniandikia kwamba unga wangu utatoka wote, nitasimama. Ukinichorea bukari unaofuka moshi, nitapita, kwa maana bukari ninao nyumbani.

10. Vidole_Vitano (Bukavu)

Mama Unga, ahsante. Umetusaidia kuliko sisi wote tuliotangulia na watakaofuata.

Jina langu la humu ni la mji wetu, ambao ukiutazama kutoka juu ni kama mkono uliochovya vidole vitano katika ziwa Kivu. Mimi hutunga matangazo ya redio, na mawazo yangu mengi huyapata kwenye maneno ambayo yamechakaa kwa kusemwa. Mfano ni sambaza, wale samaki wadogo tunaowala kila siku, ambao kwa kweli ni wageni ziwani, kwani waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimelisema neno hilo tangu utotoni bila kulifikiria, mpaka siku ambayo mtoto wangu, akisoma kitabu cha Kiswahili bora, aliniuliza kwa nini mwalimu « anasambaza » madaftari, na kama yana mifupa. Juma hilo hilo nilikuwa na tangazo la mama anayeuza samaki wakavu na anayetaka wateja wa zamani wamletee wapya. Tangazo lilikuwa na maneno mawili tu: « Sambaza. Usambaze. » Alisema kwamba kwa muda fulani wateja walikuwa wakimsalimia hivyo.

11. Mpwani

Kwetu ukimwambia mtu « sambaza » anakutumia salio la simu. Mama huyo angekuja Mombasa angepata pesa bila kuuza samaki hata mmoja.

12. Kazi_ya_Usiku (Kolwezi)

Nimewasoma wote, na naona kila mtu anasimulia dakika ya mwisho tu. Jiwe_la_Moto anataja mvua lakini anapita haraka juu ya michoro aliyoitupa. Vidole_Vitano anataja swali la mtoto, wakati tangazo lilikuwa limeshamkaa kichwani juma zima. Mwaka 1926 Mwingereza Graham Wallas aliigawa kazi ya kufikiri katika hatua nne: mtu hujitayarisha kwa bidii, kisha huliacha jambo likomae lenyewe akiwa anashughulika na mengine, halafu huangazwa ghafla, na mwishowe hulipima alilopata. Sisi husimulia hatua ya tatu kwa kuwa ndiyo yenye utamu.

Mfano ambao hutajwa sana ni wa mhandisi wa Uswisi, George de Mestral, ambaye mwaka 1941 alirudi kutoka matembezini na mbwa wake, akakuta mbegu zenye miiba zimeng'ang'ania manyoya ya mbwa na nguo zake mwenyewe. Akaziweka chini ya hadubini, akaona vijindoano. Kutoka hapo alihangaika zaidi ya miaka kumi mpaka akapata ukanda ule wa kubandika na kubandua tunaouona leo kwenye viatu vya watoto, akauita Velcro kwa kuunganisha maneno ya Kifaransa velours na crochet. Jioni moja ya mbwa, na miaka zaidi ya kumi ya kazi.

Fundi, pengine hizi wiki mbili zako hazikupotea.

13. Bei_na_Kipimo

Mbwa wangu hurudi na mbegu hizo kila siku za kiangazi, na mimi huzitoa kwa kitana. Wangapi wamefanya kama mimi? Mnakusanya visa vya walioshinda, halafu mnatuambia kwamba njia ni hiyo. Mngekusanya na visa vya walioketi sokoni mwaka mzima wakarudi na harufu ya samaki peke yake, ndipo tungejua kama soko linatoa mawazo au halitoi.

Na Rangi_Tatu, sijasahau uliloniambia. Bado nalifikiria.

14. Yaya_Redio (Lubumbashi)

Bei_na_Kipimo ana haki katika hilo, ila mimi nina maelezo mengine ambayo yatamuudhi zaidi. Mawazo mengine huja kwa kukosea. Mwaka 1915 wenye Coca-Cola waliomba chupa ambayo mtu ataitambua kwa kuigusa gizani, au hata ikiwa imevunjika chini. Mafundi wa kiwanda cha vioo cha Root, mjini Terre Haute, Indiana, walitafuta picha ya vitu vilivyokuwa katika jina la kinywaji, na katika kamusi kubwa ya elimu walikutana na tunda la kakao, ambalo halimo ndani ya kinywaji hicho. Mifereji na tumbo la kakao ndivyo vilivyoipa chupa umbo lake, na dunia nzima imeizoea.

Na hapa nyumbani tunaye Mazembe, timu yetu ya mpira. Wamonaki Wabenedikto walianzisha timu hiyo mwaka 1939 kwa jina la Saint-Georges, na baadaye ikaitwa Englebert, jina la kampuni ya matairi iliyoifadhili. Ilichukua ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968 ikiwa na jina la tairi. Nani angekaa mezani akashauri kwamba watu waililie tairi uwanjani?

15. Mwana_Kamalondo

Yaya, usisahau kwamba leo tunaiita Kunguru, na kwenye nembo yake kuna mamba. Mpwani akiuliza, mwambieni kwamba kunguru ni kwa sababu ya jezi nyeusi na nyeupe.

16. Mpwani

Sijauliza. Nilikuwa naandaa swali kuhusu yule golikipa wenu Kidiaba, aliyekuwa akishangilia kwa kurukaruka huku amekalia makalio, wakati ule wa mwaka 2010 mlipofika fainali ya klabu bingwa ya dunia dhidi ya Inter. Je, hilo nalo alilipata sokoni?

17. Fundi_wa_Vibao

Jamani, mkiniingiza kwenye mpira sitatoka. Nawaomba turudi ukutani. Mama Unga, ujumbe wako nimeunakili kwenye daftari neno kwa neno, na nakuuliza kama naruhusiwa kuutumia.

18. Shaba_Mbili (Lubumbashi)

Kabla hujatumia lolote, Fundi, niseme neno la tahadhari, kwa sababu uzi huu unasifu vitu vya nyumbani kana kwamba vyote ni safi. Katika mji huu, wateja wakisikia « tumia kitu cha kwetu », wanataka mambo matatu: bomba la moshi la kiwanda cha shaba pamoja na kilima chake cha mabaki meusi, jiwe la kijani la malakiti, na msalaba mdogo wa shaba ambao mababu waliutumia kama fedha. Nimehesabu misalaba hiyo kwenye duka la dawa, hoteli, kiwanda cha mikate na gari la maziko. Kimekuwa kisima kingine kimoja ambacho sote tunakichota, sawa na skrini uliyoilalamikia.

Tena msalaba huo si bubu. Ulikuwa mara tatu kwenye bendera ya Katanga iliyojitenga mwaka 1960, na wapo wazee wanaoutazama kwa fahari, na wengine, hasa ambao familia zao zilifukuzwa katika misukosuko iliyofuata, wanaoutazama na kunyamaza. Niliwahi kuuchora kwenye kalenda ya mteja mwenye wafanyakazi kutoka Kasai, na mmoja wao aliigeuza kalenda ikatazama ukuta mwaka mzima. Hakuna aliyeniambia sababu. Niliielewa mwenyewe, kwa kuchelewa.

19. Sauti_ya_Nyanya (Bukavu)

Fundi amefanya vema kumwomba Mama Unga ruhusa, na nitawaambia kwa nini. Sokoni kwetu kulikuwa na muuza nyanya mwenye mwito wake, maneno manne anayoyapandisha kwa sauti na kuyashusha, ambao mtu aliutambua akiwa bado hajamwona. Mimi niliurekodi kwa simu, nikauingiza kwenye tangazo la kampuni ambayo sitaitaja, na kampuni ikalipa vizuri. Mama yule alipousikia redioni alikuja mpaka kwetu, akiwa na dada zake wawili, akaniuliza kwa upole: « Mwanangu, hiyo sauti ulinunua kilo ngapi? » Sikuwa na jibu. Nilimgawia nusu ya malipo yangu, akaikubali, lakini akaubadilisha mwito wake, kwa sababu kila alipoutoa watoto walimcheka wakisema anaiga redio.

Mwana_Kamalondo, yule mteja wa kiatu kilichozoea barabara, ulimpa chochote?

20. Mwana_Kamalondo

Nilimpa matabishi, yaani nyongeza ya bure, ya kamba za viatu. Hakujua sababu, alidhani ni tabia yangu nzuri.

21. Mzee_wa_Chaki

Mimi naona kuna tofauti kati ya neno lililosemwa mara moja njiani na mwito ambao mtu ameutunga na kuulea miaka kadhaa kama mtaji wake. La kwanza ni kama uyoga wa porini, la pili ni bustani. Lakini nakiri kwamba mpaka kati ya viwili hivyo sijui nitauchimba wapi, na majina ya vitenge aliyoyataja Mwana_Kamalondo yanazidi kunichanganya, kwa kuwa kiwanda kiliuza kwa majina ambayo waliyatunga wengine, na wao pia walitajirika.

22. Mama_Unga

Tumia. Ila ukimaliza, mwambie mwenye mashine anisagie beseni moja bure.

23. Fundi_wa_Vibao

Ndugu zangu, naleta taarifa. Jumamosi nilikaa kwenye mashine kutoka saa moja asubuhi mpaka saa sita mchana, bila simu. Saa mbili za mwanzo sikuona chochote, na nilimkumbuka Bei_na_Kipimo na harufu yake ya samaki. Halafu niligundua kwamba waliokuwa kwenye foleni hawakuwa watu. Wanawake walikuwa wamekaa kivulini ng'ambo ya barabara, na mabeseni ndiyo yaliyopanga mstari badala yao, kila moja likiwa limefungwa kipande chake cha kitenge. Hakuna aliyeliruka la mwenzake. Kijana wa mashine alipomaliza moja aliita rangi ya kitambaa tu, na mwenyewe akainuka. Nilitazama picha hiyo nikajiuliza nilikuwa wapi miaka yote 11.

Nimechora kwa penseli mabeseni saba yaliyojipanga ukutani, ya kwanza yenye mahindi na ya mwisho yenye unga uliojaa hadi pomoni, kila moja na kitenge chake, na juu yake nimeandika: « Lako litatoka lote. » Kazi_ya_Usiku atasema ni kukomaa, Rangi_Tatu atasema ni kukosa simu, Jiwe_la_Moto ataniuliza kama mvua ilinyesha. Mimi sijui. Najua kwamba maneno ni ya Mama Unga na kitambaa nacho alikuwa amekitaja katika chapisho la 9, na mimi niliusoma mstari huo nikaupita.

Jana nilimwonyesha mwenye mashine. Aliutazama mchoro kwa muda mrefu sana, akasema ni mzuri. Kisha akasema: « Lakini umenichorea foleni. Mtu akiiona ataenda kwa jirani. »

24. Bei_na_Kipimo

Sicheki. Naomba niulize tu kama bei ya kusaga beseni imeandikwa mahali popote katika hizo mita 6.

25. Shaba_Mbili

Mimi ningemjibu kwamba foleni ni ushahidi wa uaminifu. Nani hupanga mstari kwa fundi mbaya?

26. Yaya_Redio

Na anayebeba mtoto mgongoni saa sita za mchana, utampa ushahidi huo huo? Mwenye mashine anawajua wateja wake.

27. Fundi_wa_Vibao

Nimepunguza mabeseni kutoka saba hadi matatu, na bei nimeiweka kwenye tumbo la lile la mwisho. Kesho namrudishia.

28. Mama_Unga

Matatu bado ni foleni.